Ngoma ya Nyota Mfu

Mgeni hakupiga hodi mlangoni. Alipiga kwenye mguu wa antena, akigonga chuma kwa spana kama mtu anayetafuta pampu imeziba wapi. Mlio ule ulipanda hadi chumba cha mitambo, Shija akadhani upepo umeng'oa kitu. Alipotoka nje alimkuta mwanamke wa makamo amesimama kivulini, vumbi la Meatu limempaka hadi kwenye kope, pikipiki yake ya umeme imeegemezwa kwenye jabali.

"Mwangaluka, mayu," Shija alimwamkia kwa Kisukuma. Mtu haulizwi ameingiaje kabla ya kusalimiwa.

"Mwangaluka, mwanangu. Dishi hili ndilo linaloongea na kile chombo cha anga, Korongo?"

Shija alisita. "Mama, hapa haingii mtu bila kibali. Imeandikwa getini."

"Nimeisoma. Kitasa cha geti lenu kibovu. Nimekitengeneza nilipokuwa napita."

Shija alicheka kabla hajajizuia. Alikuwa peke yake kituoni tangu mavuno ya pamba, yeye na mitambo inayojiendesha, na kicheko chake mwenyewe kilimshtua. Kanuni ilimtaka apige simu makao makuu mara moja. Badala yake alimkaribisha ndani, akampisha kiti chake, akauliza kama atakunywa chai.

"Mbili," mgeni alisema.

"Umekuja na mwenzako?"

"Mbili, mwanangu."

Shija alileta vikombe viwili. Mgeni akavuta kimoja, akakinywa taratibu. Cha pili alikiweka upande wake wa kushoto, akakigeuza mpini uelekee nje, kwa mkono wa mtu ambaye hakuwepo.

Hapo Shija akaelewa. Nyumbani kwao mama yake alitangulia kuzaa mapacha, na maisha yote ya nyumba ile yalikwenda kwa mizani. Uji ulipimwa sawa. Gauni likinunuliwa, yalinunuliwa mawili. Mmoja akiugua malaria, wote wawili walikunywa dawa chungu, na yule mzima ndiye aliyelia zaidi.

"Wewe ni Kulwa au Doto?" aliuliza.

Mwanamke alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Doto. Na wewe nani?"

"Shija."

"Kumbe! Anayefuata mapacha." Uso wa Doto ulilegea. "Basi wewe ni mdogo wangu, hata kama hatukuzaliwa tumbo moja. Shija wetu sisi hakufika hata kutembea." Akakigusa kile kikombe cha pili. "Hiki cha Kulwa. Yumo ndani ya Korongo. Fundi wa mitambo ya maji."

Shija aliweka sufuria chini.

*

Doto alieleza bila haraka. Baba yao alikuwa fundi wa visima, akawafundisha wote wawili. Watu walipotafutwa wa kwenda kwenye makazi ya Mirihi, wote wawili waliomba na wote wawili walifaulu. Nafasi ya fundi wa maji ilikuwa moja.

"Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupewa kitu kisichogawanyika," alisema. "Tulivuta vijiti. Kulwa akashinda, akalia wiki nzima kama aliyeshindwa. Nikamwambia, nenda, kila utakachokiona uniletee nusu. Na ameniletea. Kila juma sauti yake inafika: leo tumekula hiki, leo kapteni kafura kwa hasira, leo maharage yamechipua. Mimi nami namtumia zangu."

"Na sasa?"

"Sasa yeye anatuma, mimi napata. Mimi natuma, yeye hapati. Ofisi zenu zinaniambia antena ina hitilafu. Mimi fundi, mdogo wangu. Bomba likipitisha maji upande mmoja tu, hilo si bovu. Kuna mtu kafunga valvu."

Shija alifuta meza ambayo haikuwa na doa.

"Ananiuliza, 'Doto, umekasirika? Nimekukosea nini?' Anauliza kila juma, sauti inazidi kuwa ndogo. Na juzi kasema kitu kingine, kama mzaha. Kasema Mirihi imehama dirishani. Zamani ilikaa katikati ya kioo chao cha mbele, sasa imesogea pembeni, na kila akiamka imesogea tena." Doto alimkazia macho. "Chombo kinachokwenda mahali, mahali hapo panahamaje?"

Nje, antena iligeuka kidogo ikifuata setilaiti, na kivuli chake kikapita juu ya meza. Shija alijua majibu yote. Alikuwa na kiapo cha siri alichotia saini, na alikuwa na mwanamke mbele yake aliyevuka nyika kwa pikipiki. Hakuwa mtu wa kupima mambo mawili ya namna hiyo kwa muda mrefu.

"Nitakuambia," alisema.

"Ngoja kwanza. Kabla hujafungua mdomo." Doto aliinua kiganja. "Ukinipa mimi, umpe na yeye. Maneno yaleyale. Usipunguze chumvi, usiongeze sukari. Pacha hali kitu peke yake."

"Nitampa."

Alisema haraka, kama mtu anayempokea bibi mzigo njiani bila kuuliza ndani kuna nini.

*

Alianza kwa kumsikilizisha.

Juu ya dunia, mahali ambapo hewa haizuii mionzi ya eksirei, ilizunguka setilaiti ambayo watu wa kituo waliiita Jicho. Kazi ya Shija ilikuwa kuilea: kuielekeza, kupokea ilichoona, na kugeuza mwanga usioonekana kuwa picha au sauti. Alifungua spika. Chumba kikajaa mdundo mzito usiobadilika.

"Hiyo ni nyota iliyokufa," alisema. "Ilikuwa kubwa kuliko jua, ikalipuka, ikabaki kiini kidogo kama mji, kizito kuliko akili inavyoweza kubeba. Kinazunguka, na kila kikizunguka kinatupa mwanga kama tochi. Kila nyota ya namna hii ina mdundo wake. Vyombo vya anga vinazisikiliza nne kwa pamoja, vinajua viko wapi. Siku hizi hakuna mtu duniani anayevifuatilia. Kila chombo kinajitafutia njia kwa kusikiliza. Hii tunaiita Kinara cha Tatu."

"Naisikia."

"Sasa sikiliza hii."

Aligusa kioo. Mdundo wa pili ukaingia juu ya ule wa kwanza. Ulikuwa na nguvu zaidi, na ulifanana nao kiasi kwamba sikio lilihitaji muda kutambua kuwa ni ngoma mbili.

"Hii haikuwepo," Shija alisema, na ingawa moyo wake ulikuwa umepasuka siku nyingi, bado kulikuwa na kitu sautini mwake, chembe ya furaha ya siku ile ya kwanza. "Nami ndiye niliyeiona. Ni nyota mbili zinazozungukana. Moja imekufa, nyingine hai. Ile hai humwaga gesi yake kidogo kidogo, gesi inajikusanya kumzunguka mfu, miaka na miaka, kimya. Halafu siku moja inamwangukia yote kwa mkupuo. Mfu anaamka. Anawaka kwa miezi michache, anapiga ngoma, kisha analala tena kana kwamba hakuwahi kuamka."

Doto aliinamisha kichwa. Midundo miwili ilikuwa ikikimbizana. "Kama Bagika na Bagalu," alisema.

"Ndiyo. Kama wakati wa mashindano, makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, na watu wanamiminikia ngoma inayolia zaidi." Shija alielekeza kidole kwenye kioo. "Korongo kina sikio pana, halitenganishi nyota zilizo jirani. Kanuni yake ni kufuata inayolia zaidi."

Kikombe cha Doto kiligota mezani. Shija akazima spika, akakaa mbele yake, magoti yao karibu yagusane. Nyumbani kwao habari ya msiba haipigwi simu. Hutumwa mtu, na mtu huyo huketi kwanza.

"Korongo kimepotea njia," alisema. "Kilifuata nyota isiyo yake. Mimi niliiona mapema, nikaripoti. Kwetu kanuni ni kwamba jicho moja si shahidi, lazima setilaiti ya pili ione ndipo vyombo vitangaziwe. Hiyo ya pili haikuweza kugeuka upande ule kwa sababu ya jua. Nikangoja. Wakati nangoja, Korongo kikawasha injini kwa ajili ya kona ya mwisho, kikajisukuma kusiko na kitu. Mafuta yamekwisha. Hakuna chombo kinachoweza kuwafikia. Hewa itawafikisha masika, si zaidi ya hapo. Nimepiga hesabu kila namna, sijaona njia. Sina la kukufariji. Pole."

Doto hakulia. Alichukua kisahani, akafunika kile kikombe cha pili ili vumbi lisiingie, akaipanga kanga yake mapajani, akaipanga tena.

"Haya," alisema mwishowe. "Mimi nimepata yangu."

*

Saa saba mchana kila siku kituo kilituma mapigo ya saa kwa vyombo vyote ili saa zao zikubaliane na za dunia. Njia nyingine zote za kwenda Korongo zilikuwa zimefungwa kwa amri. Hii haikufungwa, kwani saa ikikosekana hata siku moja wangeshuku. Mkiani mwa mapigo kulikuwa na nafasi ya ujumbe mfupi. Shija alikuwa akiandika humo siku zote: *Saa imekubaliana. Kituo.*

Kabla ya saa saba simu ililia. Ilikuwa sauti ya Dokta Balele, mkurugenzi wa Mamlaka ya Njia za Anga, ambaye ndiye aliyempa Shija kazi alipotoka chuo kikuu. Alimwita binti yangu, na hakuwa akiigiza.

"Kamera ya geti inanionyesha una mgeni."

"Ndiyo, dokta. Ndugu wa mtu wa Korongo."

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Shija, Shija." Aliachia pumzi. Shija aliweka simu kwenye spika. Hakuona haki ya kumficha Doto chochote tena. "Hilo litanisumbua, lakini nitalimaliza. Mama huyo tutamtunza. Ila mapigo ya leo yaende kama yalivyo. Nakufahamu, ndiyo maana nakupigia. Jana kapteni katuma picha. Wamevuna maharage. Wamekaa duara, wanacheka, kuna binti mmoja mjamzito kavishwa taji la majani. Ukiwaambia, picha hiyo ndiyo ya mwisho. Kila siku unayonyamaza ni siku nzima umewazawadia watu wote wale. Wewe una zawadi gani kubwa kuliko hiyo?"

Shija hakuwa nayo. Hilo ndilo lililomuumiza: mzee yule hakuwa mwovu, na maneno yake yalikuwa na uzito.

"Wataiona Mirihi ikipita," alisema kwa unyonge.

"Wataiona watakapoiona. Hadi hapo waache wacheke. Na wewe, ukinyamaza, ugunduzi ni wako. Utaipa nyota ile jina. Ukiandika neno moja zaidi ya yale ya kawaida, nitafunga mitambo yako palepale, na hutagusa darubini tena katika nchi hii wala nyingine. Sitakuwa na namna. Unaelewa, binti yangu?"

"Naelewa, dokta."

Simu ilikatika. Doto alikuwa amesimama dirishani akiangalia majabali. Mabega yake, yaliyoingia yamenyooka, sasa yalikuwa ya mtu mzee.

"Huyo bwana ana akili," alisema bila kugeuka. "Nimekuletea mzigo mbaya. Sikujua umejaa nini. Labda... labda hiki kimoja nikile peke yangu. Nakuachilia, mdogo wangu. Kulwa acheke na wenzake. Maharage yenyewe kayapanda yeye."

Hapo Shija angeweza kuacha. Aliyekuwa akimdai ahadi ameiachilia. Bosi wake amempa nafasi. Kwenye kioo mdundo wa nyota yake uliendelea, mistari myembamba ikipanda na kushuka, na tayari ulikuwa umeanza kufifia. Baada ya miezi michache ingelala, na mtu pekee ambaye angesema *mimi niliiona ikiwa macho* alikuwa yeye. Alikuwa ameshaichagulia jina, kwa siri, jina la marehemu mama yake.

"Alisemaje mara ya mwisho?" aliuliza. "Kulwa. Baada ya ile ya Mirihi."

Doto alisita. "Alisema, 'Doto, hata kama umekasirika, niambie umekasirika.'"

"Na kwenye picha ya jana, unadhani alikuwa anacheka?"

Doto aligeuka. Macho yake ndiyo yaliyojibu.

"Dokta anadhani wananyamaziwa kwa amani," Shija alisema taratibu, akijielewa kadiri alivyosema. "Lakini Kulwa hana amani. Anakufa akidhani umemtupa. Na yule binti mwenye taji, naye bila shaka ana mtu aliyeacha kumjibu. Wote wana mtu aliyeacha kuwajibu. Siwezi kuwapa njia. Nimeitafuta, haipo. Lakini walau wasiteswe na kitu ambacho si kweli."

"Na ikiwa ninyi wote wawili mmekosea? Wewe na huyo bwana?"

"Inawezekana," Shija alisema. "Sijui. Nilikuahidi tu."

Aliketi mbele ya mtambo. Nafasi ilikuwa finyu, lakini maneno aliyomwambia Doto nayo hayakuwa mengi. Aliyaandika moja moja, akisoma kwa sauti ili Doto asikie kuwa hakuna lililodondoka. *Kulwa. Korongo kimepotea njia. Kilifuata nyota isiyo yake. Mimi niliiona mapema...* Alipofika kwenye kungoja kwake, vidole vilitaka kuruka mstari. Hakuruka. Alipofika kwenye hewa, alitaka kuandika *labda*. Kwa Doto hakusema labda. Akaandika *hewa itawafikisha masika, si zaidi ya hapo*. Akaandika *sina la kukufariji*, neno gumu kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa kweli mara zote mbili. Akaandika *pole*.

Ilibaki nafasi ya maneno machache. Alimtazama Doto.

Doto alifikiri. "Andika: sijakasirika, chai yako inapoa."

Shija aliandika. Ilikuwa saa saba. Simu ilianza kulia tena, na akiwa anaisikia, akabonyeza.

Antena iliguna, ikatulia, ikasema. Hapakuwa na chochote cha kuona. Kisha vioo vilianza kufungwa kutoka mbali, kimoja baada ya kingine: ramani ya anga, njia ya setilaiti, orodha ya kazi za kesho. Cha mwisho kilikuwa kile chenye mistari myembamba. Iliruka mara mbili, tatu, ikawa giza. Juu huko nyota iliendelea kupiga ngoma yake, lakini haikuwa tena na mtu wa kuisikiliza kutoka Meatu. Jina la mama yake lilibaki mdomoni mwake, halikuwa na pa kukaa.

Simu ililia mpaka ikachoka.

"Amepata?" Doto aliuliza.

"Maneno bado yamo njiani. Ni mbali sana, hata kwa mwanga. Yatafika kabla sufuria nyingine ya chai haijachemka." Shija aliifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Jibu lake sisi hatutalisikia. Wamenifungia."

"Atajibu tu. Kulwa hajawahi kuacha kunijibu." Doto alirudi kwenye kiti, akakifunua kile kikombe. Kilikuwa kimepoa kabisa. "Basi bandika, mdogo wangu. Asipokee habari kama hiyo na chai baridi."

Jiko lilikuwa la gesi, hilo hawakuweza kulifunga. Shija alishika sufuria, akapima maji kwa kikombe kama mama yake alivyokuwa akipima uji: kimoja cha Doto, kimoja cha Kulwa, sawasawa, bila tone kuzidi. Kisha, kwa kuwa yeye ni Shija, akaongeza chake, akawasha moto, wakakaa wakiangalia maji.